Maktaba Iliyonuka Kapenta

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Imekuja barua pepe. Nimeisomea kwenye simu ya Wivine, mke wangu, maana yangu kioo kimepasuka. Ni wachapishaji wa Ulaya, wale niliouza vitabu vyao miaka ishirini na miwili. Wameanza kunishukuru tangu mstari wa kwanza. Nikajua nimefukuzwa.

Wanasema kuanzia Januari hawapitii tena kwa wauza vitabu. Watauzia maktaba za vyuo moja kwa moja, kwa abonema: chuo kinalipa, kinapewa neno la siri, wanafunzi wanasoma kwenye simu. Hakuna katoni. Hakuna bordero ya mzigo. Hakuna Liévin.

Zamani mjumbe wao alikuja kila Mei hapa Kamalondo, akakaa kwenye kiti hiki hiki, akala bukari na sombe, akaniachia katalogi. Mimi naipeleka kwa Mama Bénédicte, mkuu wa maktaba ya chuo. Anatia alama kwa kalamu nyekundu, naagiza, vitabu vinafika. Sasa mwakilishi wao Katanga ni Jeannot. Jeannot! Yule mwenye duka la vitabu ng'ambo ya barabara, aliyelifunga mwaka jana, nikafurahi hadi nikanunua bia. Leo amepita hapa na koti na kompyuta. Amenisalimia kwa adabu, mshenzi yule.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda kwa Mama Bénédicte. Yeye ndiye mama wa ubatizo wa binti yetu Syntiche, kwa hiyo hanifichi kitu. Ameniambia nisiogope. Baraza la chuo litakuja kutembelea maktaba Jumatano ya wiki ijayo. Atawaomba wabakize fungu la vitabu vya karatasi, na vitabu hivyo niwaletee mimi, kwa sababu umeme ukikatika, abonema nayo inakufa.

Akaniomba kitu kimoja tu: papa Liévin, ukae kimya. Ameniomba mara mbili. Nikamwambia mimi ni mtu wa kimya tangu nizaliwe.

Wakati wa kutoka nimechungulia daftari la kuazima. Mama yangu! Oktoba nzima, mistari kumi na mmoja. Baraza likiona vile litasema watu hawasomi tena karatasi, na mimi kwisha. Kabla sijafika getini wazo likanijia. Zuri mno. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani bila kuhisi jua.

Alhamisi, 6 Novemba

Mazoezi ya kwaya. Mimi ni mwenyekiti, na tena tenor. Nimewaeleza waimbaji, wote thelathini na wanne, kwamba ni tendo la huruma: kila mmoja aazime vitabu vinne, daftari lijae, basi. Ngosa, besi wetu, fundi wa kuchomelea kule mtaa wa Kenya, akauliza kama lazima avisome. Nikamwambia hapana, ni kubeba tu. Achague vinene.

Kikwazo: mtu wa nje ya chuo haazimi mpaka mkuu wa maktaba mwenyewe amdhamini kwa sahihi. Nikarudi kwa Mama Bénédicte, nikamwambia parokia imeanzisha kikundi cha kusoma. Macho yake yakajaa machozi. Alisema amelingojea jambo hilo maisha yake yote. Ametia sahihi kadi thelathini na nne bila kuuliza hata swali moja. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Ushindi! Nimejificha mbele ya maktaba, ng'ambo ya barabara, kwa wauza silabi, zile noti za masomo, nyuma ya mirundo ya fotokopi, nikaona yote. Wamefika wote saa nne kamili. Tatizo moja: wamejipanga kwa sauti, soprano mbele, alto, tenor, besi nyuma, kama tunavyoingia kanisani. Sikuwa nimewaambia. Ni mazoea.

Michelle, soprano wa kwanza, ametoka na vitabu vya upasuaji. Ngosa amebeba ukunga, juzuu zote. Guelor, karani wa maktaba, aliishiwa na mistari, ikabidi afungue daftari jipya. Daftari jipya! Jioni nimemwambia Wivine kwamba Jeannot aanze kutafuta kazi nyingine. Wivine akajibu kwamba mimi niko na akili mingi lakini yote ni ya bure.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya misa kwaya nzima imenijia na mifuko. Hawataki kukaa na vitabu vya watu. Kwa huyu nyumba inavuja, kwa yule watoto wanachora kila karatasi wanayoiona. Mwenyekiti, kaa navyo mwenyewe.

Vitabu mia na thelathini na sita! Duka limejaa. Nimevipanga kwenye depo ya Wivine, chumba cha nyuma, juu ya magunia ya kapenta. Wivine anauza dagaa hao wakavu kwa jumla. Amekasirika sana, amesema bitabu ni bya benyewe na kapenta ni yake. Nimemwambia ni mpaka Alhamisi.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo sipendi kuandika. Amekuja dukani mwanafunzi wa udaktari, jina lake Deborah. Anatafuta kitabu cha ukunga, juzuu ya pili. Mtihani ni Alhamisi. Maktaba wamemwambia kimeazimwa, basi akafikiri labda papa Liévin anacho, kwa sababu papa Liévin anakuwaga na kila kitu.

Kilikuwa hatua tano nyuma yangu. Nilikuwa nasikia harufu yake. Nikamwambia sina.

Aliniaga vizuri. Nimemwona akivuka barabara, Jeannot akamsimamisha, akafungua ile kompyuta yake kwenye boneti ya gari la mtu. Dakika moja haikufika. Msichana akaruka kwa furaha.

Jumatano, 12 Novemba

Baraza limekuja. Watu watatu, mkubwa wao profesa mmoja mfupi. Jeannot nyuma yao. Mimi nilikaa kwenye chumba cha kusomea na tai shingoni, kama msomaji wa kawaida.

Profesa hakuligusa daftari. Mimi nimelijaza mpaka juu, yeye hata hakulitazama! Amekwenda moja kwa moja kwenye rafu. Rafu za udaktari: wazi. Sheria: mapengo kama mdomo wa kibogoyo. Akauliza vitabu viko wapi. Mama Bénédicte akajibu kwa furaha kwamba vimeazimwa, watu wanasoma. Profesa akamgeukia mwanafunzi wa karibu. Ni nani? Deborah. Naye akasema ukweli: ametafuta kitabu siku tatu, ameambulia patupu, akakipata kwenye kompyuta ya papa yule pale.

Hapo ndipo profesa akaomba daftari. Akasoma kwa sauti. Fundi wa kuchomelea, ukunga. Mshonaji, upasuaji. Muuza makala ya jiko, sheria ya madini. Wote thelathini na wanne kwa sahihi moja. Akamuuliza Mama Bénédicte hii ni nini.

Mama Bénédicte aliniangalia. Nami nikaangalia dari. Nilitakiwa kusimama tu. Kusimama na kusema ni mimi. Nikabaki nimekaa. Mama Bénédicte akasema sahihi ni yake.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimerudisha vitabu kwa mkokoteni. Guelor alifungua katoni ya kwanza akarudi nyuma. Kapenta! Ukunga unanuka kapenta, sheria inanuka kapenta. Kufika mchana paka wawili walikuwa wamelala chini ya rafu.

Guelor amenipa habari. Chuo kimetia sahihi abonema. Mama Bénédicte si mkuu tena. Anahamishiwa chumba cha memwari, jengo la nyuma, wanakoweka kazi za wanafunzi wa zamani. Hakuna anayeingia huko. Kisha akanipa karatasi aliyoikuta wakati wa kuhamisha meza ya Mama Bénédicte, akaona heri nikae nayo.

Ilikuwa barua yake kwa baraza. Fungu la vitabu vya karatasi, muuzaji: Liévin wa Kamalondo. Na chini, watu wawili wa baraza walikuwa wamekwisha kuikubali, tarehe 5 Novemba. Wawili kati ya watatu! Kilichobaki ni profesa kuona rafu zimejaa na zimepangwa vizuri. Basi.

Nimeisoma nimesimama. Kisha nikakaa chini pale pale mlangoni, watu wakawa wananiruka. Kama ningekaa kimya. Aliniomba mara mbili.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekwenda kwake. Hakunifukuza. Amenipa chai, na ameulizia Syntiche. Nimelia mbele yake, mwanaume mzima, nikamwambia kila kitu, hata habari ya dari. Akasema dari aliiona. Akasema kwamba kama angekuwa na hasira ingekuwa rahisi, lakini amechoka tu. Na kwamba kile kikundi cha kusoma, ndicho kilichomuumiza kupita vyote.

Chumba kipya, anasema, ni kimya. Tatizo ni kwamba wamempa mpaka Noeli. Wasipoona watu wanaokuja kuomba memwari, watafunga chumba na kumpeleka pensheni.

Nimemwapia, mkono juu ya Biblia yake, kwamba mimi na hila, basi. Basi kabisa. Amenishika bega. Nilitoka pale mwepesi, mtu mpya.

Jumapili, 16 Novemba

Misa nzuri. Nimewaza wakati wote wa mahubiri.

Wasipoona watu, amesema. Watu!

Baada ya misa nimewakuta waimbaji wakivua kanzu, nikafunga mlango. Ngosa amekubali wa kwanza. Nimemwambia achague memwari nene. Tunaanza kesho saa nne, na safari hii wasijipange kwa sauti. Mama Bénédicte hatajua kitu, atafurahi tu.

Na memwari hizo hazitalala kwa Wivine. Mimi si mjinga. Zitakaa kwa Michelle, anauza sabuni.