Kipimo cha Ndiyo

Kwa niaba ya chuo chetu, nina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoelewa masomo limekwisha. Halijapungua. Limekwisha. Mimi ndiye katibu wa Kamati ya Kuondoa Vikwazo vya Uelewa katika Kozi za Mwanzo, na nikisema limekwisha, jueni chai ya kikao imeshanyweka.

Utafiti ulikuwa wa kina. Tulizunguka kwenye viti vyetu vya ofisini vyenye magurudumu mpaka tukagundua kwamba kikwazo kikuu ni neno "sijaelewa". Mwanafunzi akinyamaza, hana tatizo. Akilitamka tu, tatizo hilo hapo. Basi tukalishughulikia neno.

Kila mhadhiri akaagizwa kufunga kipindi kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa liitikie, "Ndiyooo!" Ukutani, madarasani na ukumbini, tukafunga kifaa cha kupima sauti. Taa ya kijani, wameelewa. Nyekundu, wameelewa kivivu. Na mhadhiri atakayeambiwa "sijaelewa" na msikilizaji yeyote, asimamishwe, akae kozi ya mwanzo kama mwanafunzi mpaka kasoro imtoke. Kifungu hicho niliandika mwenyewe. Hapo kwenye "yeyote" nilijipongeza.

Matokeo yalitisha kwa uzuri. Siku moja mhadhiri wa Kemia hakutokea kabisa. Darasa likapiga "Ndiyooo!" hivyo hivyo, taa ikawaka kijani.

Kero ilikuwa mwalimu wa Takwimu za Mwanzo, ambaye wanafunzi wanamwita Mama Rudia. Nilimkuta na chaki mpaka kwenye nyusi, anarudia somo la wastani, safari hii kwa namba za viatu vyao, vilivyopangwa mstari sakafuni.

"Nani bado?"

"Mimi sijaelewa, mwalimu."

"Vizuri! Umepotelea wapi?"

Vizuri! Nilishika kichwa. Nikamvuta mlangoni.

"Mama, unajiharibia. Waambie waseme ndiyo, yaishe."

"Sasa kaka, wakisema ndiyo, nitajuaje pa kurudia?"

"Kwani umelazimishwa kurudia?"

"Kazi naitaka, wanangu wanasoma kwa mshahara huu. Lakini nikiwafundisha kudanganya, hiyo takwimu nitamfundisha nani?"

"Basi bodi ya chuo inayokuja kutukagua ikishaondoka, unakabidhi chaki," nikamwambia kwa upole. Sisi si wanyama.

Bodi ikaja. Mwenyekiti wa kamati yetu, mhadhiri mwenzetu, akasimama mbele ya ukumbi na suti inayong'aa.

"Waheshimiwa, uelewa umepanda kwa asilimia mia na arobaini! Tumeelewana?"

"Ndiyooo!" tukaitika wahadhiri wote. Kijani.

Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, akashusha miwani. "Asilimia mia na arobaini ya nini, baba?"

"Ya uelewa, mama."

"Mlipima nini hasa?"

"Sauti."

"Mh. Sijaelewa."

Mwenyekiti akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Katibu, fafanua!"

Nikafafanua, tena kwa ufasaha, kwamba uelewa ni mchakato mtambuka unaojidhihirisha kisauti kwa mujibu wa muktadha.

"Wewe ndiye sijakuelewa kabisa," akasema yule mjumbe. "Hivi hapa kwenu, mtu asiyeeleweka mnamfanyaje?"

Karibu na mlango, Mama Rudia alikuwa ameshapakata mkoba wake, tayari kuondoka. Akainua mkono.

"Kuna kanuni, mama. Nzuri tu." Akaitaja kwa kichwa, neno kwa neno. Pale kwenye "yeyote" akapaza sauti. Kijani.

Agizo la kumsimamisha yeye lilikosa wa kulisaini. Wasainaji tulikuwa tumeshageuka wanafunzi.

Sasa mimi na Mwenyekiti tunakaa safu ya mbele, Takwimu za Mwanzo, kwenye benchi la mbao. Jana Mama Rudia alimaliza somo la wastani, akatugeukia.

"Jamani, mmeelewa?"

"Ndiyooo!" tukapiga, mpaka kifaa kikatetemeka.

"Safi sana." Akatunyooshea chaki. "Haya, vueni viatu mje ubaoni."

Mwenyekiti akanikanyaga mguu chini ya benchi.

"Katibu," akaninong'oneza, "mwambie hatujaelewa."