Muungurumo Nyumbani kwa Fundi Cherehani

Fundi Sikio hakuwa mjinga wa kazi, tuelewane hapo. Redio aliijua nje ndani. Ila aligundua mapema kwamba kutengeneza kunachosha na kutisha hakuchoshi, kwa hiyo akanunua kile kipimo cha madaktari cha kuvaa masikioni, akawa anazisikiliza amplifaya za watu vifuani, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kufungua chombo mbele ya mwenyewe, hilo hakulifanya hata siku moja. Mteja akishaona ugonjwa wote ni nati iliyolegea, utamtisha na nini tena?

Kibandani kwake alikuwa na amplifaya moja nzima, mali yake, yenye sauti ya kumtoa mtu bafuni na povu kichwani. Hiyo ndiyo iliyomwitia wateja. Bila hiyo, Sikio angekuwa mwanamume mwenye meza na bisibisi, basi.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja fundi cherehani, mpole, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Amplifaya yake inanguruma, alisema, na anaogopa. Sikio akamfuata hadi kwake, sebule ndogo yenye cherehani dirishani, na pale kabatini, chini ya kitambaa cha kufumwa, akaiona. Moyo ukamruka. Ilikuwa ya zamani, nzito, chuma kitupu, aina ileile ambayo mwenye ukumbi wa harusi alikuwa akimsumbua kila wiki amtafutie.

Spika hazikuwepo, mkwe alizichukua. Mama akachomeka waya, taa ndogo ikawaka, boksi likaanza: ngrrr. Sikio akavaa kipimo chake, akasikiliza, akafumba macho. Moyoni alishapata jibu. Spika hazipo na kelele ipo, basi ni boksi lenyewe linalotikisika. Transfoma imelegea nati, dakika tano kazi imekwisha. Mdomo ukasema mengine.

"Dada, mnalala humuhumu na hiki kitu?"

"Kwani kina nini?"

"Sitaki kukutisha," alisema Sikio, ambaye hakutaka kingine chochote. Akamweleza kwamba transfoma imeoza, kwamba ule ni muungurumo wa mwisho, na kwamba siku itakapolipuka hata kabati halitapatikana.

Mama akashika kifua. Akauliza kama si vizuri waifungue kwanza waone, bisibisi ya cherehani anayo hapo. Sikio akamzuia haraka: mle ndani kuna umeme unaojificha hata ukichomoa waya. Basi je, akaazime spika kwa jirani wajaribu hata wimbo mmoja? Hapo Sikio alikaribia kumshika mkono. Ikiimba vizuri, nani atakubali kuiachia?

Alijitolea kuiondoa hatari ile nyumbani. Mama alishukuru, halafu akainamisha kichwa. Chombo ni cha kaka yake anayeishi naye, alisema, mpiga ngoma mstaafu, na bila muziki huwa hasemi na mtu siku nzima. Labda fundi angewapa kile cha kibandani?

Sikio aliikumbuka ile yake inayomwitia wateja. Halafu akamfikiria mwenye ukumbi, akakubali, tena kwa huruma. Akaandika karatasi kama kawaida yake, asije akasumbuliwa baadaye: tumebadilishana kwa hiari, kila mtu amepokea chombo kama kilivyo, hakuna kurudishiana. Wakatia sahihi.

Kibandani, meza ikiwa tupu, alifungua boksi huku akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Ndani mlikuwa na mota ya cherehani iliyofungwa juu ya kipande cha bati, ndiyo iliyokuwa ikitetemeka kwa raha zake. Palipotakiwa kuwa na transfoma palikuwa na chuma chakavu kilichoviringishwa kitambaa cha buluu. Na kwenye nati zilizokishika, tone moja moja la rangi ya kucha, nyekundu.

Rangi hiyo alikuwa nayo mfukoni. Kila nati aliyoikaza aliipaka, ajue kama fundi mwingine amepita baada yake. Ndipo akamkumbuka mzee mmoja, miaka mitatu nyuma, ng'ambo ya soko, aliyemwachia amplifaya wiki nzima na kurudishiwa chuma kwenye kitambaa cha buluu mahali pa transfoma. Mzee alikuwa mpiga ngoma.

Alifika kwa yule mama akihema. Muziki ulisikika tangu kona ya mtaa, safi, hauna hata mkwaruzo. Mzee alikuwa kwenye kiti, anapiga mdundo mapajani kwa vidole viwili, anamsimulia jirani aliyewaazima spika habari za bendi yake. Alimwona Sikio mlangoni na hakuacha kupiga.

Mama alitoa karatasi chini ya cherehani, akamnyooshea.

"Tusomee, fundi," alisema. "Mwandiko ni wako."

Sikio akasoma. Alipofika kwenye hakuna kurudishiana, mzee akamwomba arudie kwa sauti, kisha akaongeza muziki.