Nilikuoza Binti, Sikukuoza Mimi

Sheria ya kijiwe chetu cha kahawa ni moja, na hata mgeni huielewa kabla kikombe chake hakijapoa: hakuna kumsemea mtu aliyepo. Anayeivunja huosha vikombe vyote. Niliitunga mimi mwenyewe, mwaka niliostaafu ualimu, na mlinzi wake ni mwenye birika, mjane mwimba kwaya, ambaye ni mama mkwe wa Kinyozi na huishi kwake.

Asubuhi hiyo redio ilikumbusha kwamba sensa ya safari hii inauliza na dini. Kinyozi na Fundi Saa wakaanza kuugombea mtaa kana kwamba ni kombe la kandanda.

"Tumewazidi mbali!" alisema Kinyozi. "Ijumaa hata viatu vinakosa pa kukaa."

"Viatu havihesabiwi," akajibu Fundi Saa. "Sisi Jumapili tunaimba mpaka mabati yanaomba likizo."

"Debe tupu haliachi kuvuma, ndugu yangu."

"Ngoja karani aje. Mtatafutana!"

Karani akaja kweli, binti mpole mwenye fomu na kalamu ya risasi. Alikuwa akimtafuta Kinyozi, maana nyumbani kwake hakukuta mtu.

"Mkuu wa kaya ndiye anayejibu, baba. Walilala wangapi kwako usiku wa sensa?"

Kinyozi akajiweka sawa, akimtupia Fundi Saa jicho la ushindi. "Saba. Mimi, mke wangu, watoto wanne na mama mkwe. Wote Waislamu. Piga mstari mmoja mrefu, upumzike."

Birika likasimama hewani nyuma yake.

"Baba," sauti ikauliza, "mimi nimesilimu lini?"

"Aa, mama! Hii ni hesabu tu…"

"Hesabu tu? Nilibatizwa Mkristo, na kwa dini hiyo nikamzika mume wangu. Ulipokuja kuposa sikukuwekea kinyongo. Lakini nilikuoza binti, sikukuoza mimi!"

Fundi Saa akapiga paja. "Mmoja karudi kwetu!"

"Nawe nyamaza! Mara ya mwisho kukuona kanisani ulikuwa bwana arusi."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Kinyozi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nilitaka kumkomesha huyu." Karani akafuta, akaandika upya huku mama akimchungulia begani.

"Sheria ni msumeno," nilitamka, nikimwonyesha Kinyozi karai.

Mama akanigeukia taratibu. "Na kwako, Mwalimu? Jana karani alipopita, nani alijibu?"

Nilikohoa. Jana nilijibu mimi, kwa niaba ya watu watano, "Wote Wakristo," mezani, bila kuinua macho. Mwanangu wa mwisho aliketi mbele yangu; mwaka wa tatu huu hajakanyaga kanisani. Alifungua kinywa, kisha akakifunga.

Sikulelewa kusema uongo.

"Binti," nilimwambia karani, "pita tena kwangu jioni. Safari hii umuulize kila mtu mwenyewe."

Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikachuchumaa penye karai. Kinyozi akanisogezea nusu ya vikombe.

"Karibu, Mwalimu," alisema. "Vyenye mashapo ni vyako."