Wazee wa Kimaori Wanakuja Kuusalimia Mlima Virginie

Bwana Directeur Lambert, mkuu wa masomo,

Pokea heshima za mzee Djuma wa commune ya Tshopo, mtu wa kwanza wa Kisangani kukanyaga Nouvelle-Zélande.

Bon, hapo nimedanganya. Nimefika Ubundu tu, tena nililala njia nzima. Aliyefika kule ni mjukuu wangu Larissa, uliyempeleka na wenzake kuangalia udongo unaotoa mvuke na kujifunza desturi za Wamaori. Juu ya safari hiyo nina malalamiko.

La kwanza. Kule kwa Wamaori mutu hasemi jina lake hivi hivi. Anataja kwanza mlima wa kwao, halafu mto, ndipo yeye mwenyewe. Desturi nzuri. Lakini kwa nini hamkumwambia mutoto kabla hajapanda ndege? Alinipigia simu nikiwa na tonge la fufu mdomoni: "Koko, mulima yetu inaitwa nani? Watu wanangoja!" Mto tunao, hata miwili. Lakini mlima! Mungu alipoumba Kisangani aliipiga pasi.

La pili. Mzee hamwambii mjukuu "sijui". Nilichungulia dirishani, nikaona lile jalala nyuma ya nyumba ya mama Virginie, jirani yangu, linalofuka moshi mvua na jua. Nikajibu: "Mlima Virginie. Mrefu, na unatoa moshi." Donc, nimekosa wapi? Larissa mwenyewe anasema kule watu wanasafiri kwenda kunusa ardhi inayonuka kama mayai mabovu. Yetu inanuka kuwashinda.

La tatu, na ndilo linaloninyima usingizi. Larissa amerudi, ananiambia akicheka: "Koko, mwezi wa kumi wazee watatu wanakuja kusalimia mulima." Na sasa hivi, sasa hivi kweli, mama Virginie ameamua kuwa msafi! Anazoa jalala kila asubuhi, ananipigia kelele: "Papa Djuma, takataka yako pia iko humu, kamata koleo!"

Kwa hiyo naomba uandike karatasi yenye muhuri: jalala ni mlima wa masomo, asiliguse mutu. Wanafunzi wako walete takataka za kwao, maana limeshashuka hadi magotini. Mkishindwa, tupatieni mlima mwingine. Mutoto ametaja ukoo wetu mbele ya wazee wa watu. Sitaki aitwe mwongo kwa ajili yangu.

Nisalimie madame, walimu wote, na yule mlinzi aliyenifukuza langoni jana.

Mimi, Djuma

P.S. Larissa amesoma barua hii juu ya bega langu, akacheka hadi akakaa chini. Anasema jalala la Virginie analijua tangu utoto, aliteleza humo na nguo za komunyo. Kule alisema hivi: "Mlima wangu ni Koko Djuma." Basi acha muhuri, Virginie azoe. Lakini wazee wavuke bahari nzima kuja kusalimia mlima, waukute umekaa juu ya ndoo? Kile kiti changu cha mikono ulichoazima kwenye matanga ya shemeji yako, tafadhali, kirudishe.