Dawa ya Kukoroma

Jumatatu, 3 Machi 2025
Daktari Warigia, msimamizi wetu wa uzamili, ametangaza kuwa maabara ya kubuni dawa imebaki na nafasi moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi, Ngatia, na Jay, ambaye wazazi wake wana duka la vitambaa mjini Nyeri. Ijumaa kila mmoja ataeleza dawa anayobuni. Jay anashughulikia malaria. Kila mtu anashughulikia malaria. Mimi nimechagua kukoroma. Chumba changu cha mtaani Majengo kimetenganishwa na cha mwenye nyumba, Mzee Moffat, kwa mbao tu. Utafiti wa awali nimeufanya mwaka mzima nikiwa kitandani.

Jumanne, 4 Machi
Kazi yenyewe rahisi. Unaipa kompyuta protini ya mwili, nayo inakutafutia molekuli ya kuingia humo kama ufunguo kwenye kufuli. Nilitafuta protini ya koo, nikachukua ya kwanza iliyojitokeza. Molekuli ikakaa sawasawa. Kompyuta ikaipa alama za juu kuliko zote darasani. Nikampigia mama simu, kijijini Kangema. Akasema Jumatano kuna maombi kanisani, atatoa shukrani. Sikumzuia.

Jumatano, 5 Machi
Jay ameomba kuona protini yangu, ati anisaidie kuhakiki. Nikafunika kompyuta kwa koti. Wezi wa akili huanza hivyo, kwa upole.

Jioni nikampa Mzee Moffat habari njema: atakuwa binadamu wa kwanza kuponywa kukoroma. Akakasirika. "Mimi sikoromangi. Ni huyu mama ndiye hukoroma." Huyu mama, mkewe, alikuwa nyuma yake na sufuria ya githeri. Mzee amehamishiwa kwenye korido. Godoro lake liko mlangoni pangu. Mbao zilikuwa zinasaidia, kumbe.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Jay kikao cha kesho kimehamishiwa mji wa Sagana. Mpango safi. Lakini adabu ya Jay imezidi: alimpigia Daktari kumwuliza kama wangeenda pamoja kwa gari la babake. Daktari akaniita, akauliza Sagana kuna nini. Nikajibu kuna samaki wazuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nilianza vizuri. Daktari akauliza protini ni ya kiumbe gani. Nikasema binadamu. Jay akainua mkono polepole, kama mtu anayetoa pole matangani. "Ngatia, hiyo ni ya kiazi."

Tukaangalia sote. Kweli, kiazi. Daktari akauliza kama viazi hukoroma. Nikajibu kuwa sayansi bado haijathibitisha kwamba havikoromi. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma. Jay amepata nafasi. Mimi nitakaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza mpaka nijue kutofautisha mtu na mboga. Mama alipiga simu kuuliza. Kanisa zima linangoja habari. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona. Kukoroma hakuna heshima. Watu hawakuwa tayari. Leo asubuhi nimeanza dawa ya kwikwi, na alama zimepita hata zile za Jumanne. Jay amepita akauliza, kwa upole wake ule, kama safari hii nimesoma jina la protini. Nimelisoma nusu. Ni refu mno, kwa hivyo lazima ni la binadamu.