Banderoli ya Harusi ya Charlène

Jumatano, 5 Juni 2024
Nimechoka kabla ya kuanza. Charlène anaolewa Jumamosi, mimi ndiye ninayeandika banderoli, kile kitambaa kikubwa cha ukumbini. Didier, fundi mwenzangu wa maandishi hapa Nyawera, mjini Bukavu, alipendekeza Kifaransa. Nikamwambia Papa Cirhuza, baba wa bibi harusi, kwamba Kifaransa kila mutu iko nacho; Kiingereza ndiyo heshima. Akakubali. Ninachotaka hasa ni Fabiola, mdogo wake Charlène. Baba akifurahi, huenda akanisikiliza nikija kumposa.

Alhamisi
Kiingereza sijui. Nimetafuta kwenye simu maneno ya heri, nikapata "Many happy returns". Ni marefu na ndani mna furaha. Didier ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia aache wivu.

Jumamosi
Banderoli ilipendeza. Herufi za dhahabu. Papa Cirhuza akampa kipaza sauti Maman Ghislaine, shangazi wa bibi harusi aliyesoma Kampala, atafsiri. Aliisoma mara mbili. Kisha akasema maneno hayo watu huandikiana siku ya kuzaliwa, kumtakia mtu aione siku hiyo tena na tena. Lakini "returns" ni kurudi; kwa harusi, akasema, "ni kama tunamuombea bibi harusi arudi kwao mara mingi, na furaha."

Charlène aliwahi kuolewa, akarudi kwa baba yake. Bukavu nzima inajua. Hata mimi. Sikufikiri tu.

Charlène akafunika uso. Papa Cirhuza akaniambia, "Shusha ile kitu." Nikapanda ngazi mbele ya wageni wote. Fabiola aliishika ngazi isianguke, akitazama pembeni.

Jumapili
Nimekwenda kwao Nyalukemba kuomba msamaha. Sikupewa kiti. Papa Cirhuza alisema, "Mutoto yangu alilia siku ya ndoa yake." Mlangoni Fabiola akauliza kwa nini sikuandika Kiswahili. Nikasema nilitaka kumpendeza baba yake. Akafunga mlango polepole.

Jumatatu, 10 Juni
Sijalala vizuri. Asubuhi nimepata kazi ya msiba: utepe wa shada la maua la Muzee Philémon. Papa Cirhuza, jirani yake, atakuwepo mazishini, nami nitasafisha jina langu. Safari hii nimechunguza. "See you soon": tutaonana karibuni. Watu huandika hivyo wanapoagana, na marehemu anaagwa. Didier ameuliza kama nimemfikiria mjane, ambaye naye hana afya. Nimemfikiria sana. Ndiye atakayelibeba shada.