Korona Kwenye Maji ya Bomba

Jumatatu, 6 Mei
Siamini masikio yangu. Mkuu wa maabara katangaza kwamba Ijumaa atachagua kingamwili moja ya kutengenezea vipimo vya korona vya zahanati. Ama yangu, inayonasa protini ya ile miiba ya juu ya kirusi, ama ya shemeji, inayonasa protini ya ndani. Mshindi ataongoza kitengo cha vipimo. Shemeji, mdogo wa mke wangu! Kazi hii nilimtafutia mimi. Leo niwe chini yake? Hapana. Lazima nifanye kitu.

Jumanne, 7 Mei
Kupima hakuendi bila maziwa ya unga. Unadondosha protini kwenye karatasi maalumu, kisha unailoweka karatasi kwenye maziwa yazibe sehemu zilizobaki wazi. Vinginevyo kingamwili inajishikiza ovyo, karatasi nzima inageuka nyeusi. Maabara ina kopo moja tu. Limeondoka nami mkobani. Tuone shemeji atapimaje.

Jumatano, 8 Mei
Shemeji kaingia na kopo jipya la dukani. Hakuuliza hata lile la zamani limekwenda wapi. Nikaomba ruhusa, nikakimbia nyumbani kuchukua langu. Nimemkuta mke wangu na mama mkwe wanakunywa chai nzito, kopo tupu mezani. Mama mkwe akanisifu, eti tangu nimwoe binti yake leo ndiyo nimekumbuka nyumbani. Ikabidi niketi, ninywe. Kumwomba shemeji maziwa? Bora niache kazi.

Alhamisi, 9 Mei
Nimechota unga kwenye chumba cha chai. Mweupe, laini, unanukia maziwa. Nikadondosha protini ya miiba upande mmoja, na upande wa pili maji ya bomba, ya kulinganishia. Nikaloweka karatasi, nikaweka kingamwili, nikaweka rangi. Nikatazama. Tone la maji, jeusi tii. Maji ya bomba yana korona. Nilifika kwa mkuu nikihema, nikamwambia jengo zima limekwisha. Rangi ikamtoka usoni. Mabomba yakafungwa ghorofa zote. Mhasibu katoka msalani na povu la sabuni hadi viwikoni, anauliza asuuze wapi. Nimeokoa watu. Uongozi ni wangu.

Ijumaa, 10 Mei
Mkuu kamwita shemeji aitazame karatasi. Akaitazama weee, kisha akaniuliza taratibu, "Shemeji, hapa pembeni ulidondosha nini?"
Nikasema sikudondosha kitu.
"Mbona napo peusi?"
Nikaangalia. Karatasi yote ilikuwa nyeusi, kona hadi kona. Sijui jana macho yangu yalikuwa wapi. Akataka kujua nimetumia maziwa gani. Nikamletea pakiti. Akasoma nyuma: sukari na mafuta, maziwa hamna. Mkuu akaagiza mabomba yafunguliwe, na kitengo akampa shemeji. Shemeji hakucheka. Angecheka ningepata la kumchukia.

Jumatatu, 13 Mei
Shemeji kanishangaza. Hakutaka nifukuzwe. Kamwambia mkuu kingamwili zetu zitumike pamoja, maana kipimo kinachonasa protini mbili kinaaminika zaidi. Akaniomba nimsaidie. Watu wa zahanati wanakuja leo kujionea. Nikasema sawa, ila waniheshimu kidogo. Kwa hiyo nikafunga friji la kingamwili zote, nikatia ufunguo kwenye koti langu la kazi. Wakihitaji kitu, waniombe mimi. Wageni wakafika. Shemeji akaniomba, tena kwa adabu. Nikaenda kuchukua koti. Dobi keshabeba makoti yote. Nimesimama mbele ya msumari mtupu. Mkuu akauliza friji lina nini. Nikamweleza kwamba kufuli limejifunga lenyewe kwa sababu ya baridi. Akanitazama sana.
Nadhani ameamini.